Hekalu la Dhahabu Lililozidiwa Umri na Baba

Mpenzi msomaji, hakuna jambo linaloudhi kama kusafiri safari ndefu kwenda kuona cha kale, kisha ukaonyeshwa kipya. Hayo ndiyo yaliyonifika mjini Kyoto, huko Japani.

Nilikuwa nimesimama kando ya kidimbwi. Mbele yangu palikuwa na jengo la ghorofa tatu, zile mbili za juu zimefunikwa kwa dhahabu, na ndani ya maji jengo jingine kama hilo limesimama kichwa chini. Hilo ndilo Kinkaku-ji, Hekalu la Dhahabu. Picha yake niliijua tangu nilipokuwa shule ya msingi, kutoka kwenye kalenda iliyotundikwa ukutani kwetu, na siku zote niliamini kwamba hilo ni jengo la miaka mia sita.

Mwenyeji wangu alikuwa mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa, anayesomea uhandisi wa majengo huko Osaka kwa ufadhili wa serikali ya Japani. Si ajabu kumkuta Mkenya katika vyuo vya huko. Hata chuo chetu cha Juja, Jomo Kenyatta, kilianzishwa mwaka wa 1981 kwa msaada wa Wajapani, na tangu hapo njia ya wanafunzi haijaota nyasi.

Nikaanza kusoma maelezo. Jengo lilianzishwa mwaka wa 1397 na mtawala Ashikaga Yoshimitsu, likiwa makao yake ya kupumzikia uzeeni. Vyema. Likageuzwa hekalu la Kibuddha baada ya kifo chake. Vyema. Likateketea kwa moto mwaka wa 1950. Hapo nikakohoa. Jengo lililopo sasa lilikamilika mwaka wa 1955.

Baba yangu alizaliwa mwaka wa 1948. Kwa hivyo mzee wangu, ambaye yuko nyumbani na hakuna mtalii hata mmoja aliyewahi kulipa kiingilio ili amtazame, analizidi Hekalu la Dhahabu kwa miaka saba!

"Mjomba, mbona umenuna?" mpwa wangu akauliza.

"Sijanuna, mama. Nimeibiwa tu."

Akacheka mpaka watu wakageuka. Kisha akasema, "Usihukumu leo. Nipe siku nne, halafu uniambie kama umeibiwa."

Moto wa alfajiri

Kisa cha moto huo ni cha kusikitisha. Alfajiri ya tarehe 2 Julai 1950, kijana aliyekuwa mwanafunzi wa utawa papo hapo hekaluni alilitia moto jengo hilo kwa mkono wake mwenyewe. Japani nzima ilishtuka. Mwandishi Yukio Mishima alikitungia kisa hicho riwaya mwaka wa 1956, nayo imetafsiriwa kwa lugha nyingi.

Ilikuwaje basi likasimama tena kwa muda wa miaka mitano tu? Jibu ni kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 jengo lile lilikuwa limefunguliwa na kukarabatiwa, na mafundi wa wakati huo waliacha michoro yenye vipimo vya kila sehemu. Jengo liliungua, lakini ujuzi wa kulijenga haukuungua. Dhahabu nayo ilibandikwa upya mwaka wa 1987, ikiwa nene kuliko ile ya awali.

Yasikupite haya, msomaji. Huo haukuwa moto wa kwanza wa aina yake. Tarehe 26 Januari 1949, huko Horyu-ji karibu na Nara, moto ulizuka wakati wa ukarabati na kuharibu michoro ya ukutani iliyodumu zaidi ya miaka 1,200. Horyu-ji ndipo penye majengo ya mbao yaliyo makongwe kuliko yote duniani. Kwa uchungu huo Wajapani walipitisha mwaka wa 1950 sheria ya kuhifadhi mali ya utamaduni, na hadi leo kila tarehe 26 Januari mahekalu ya nchi nzima hufanya mazoezi ya kuzima moto. Ukifika siku hiyo utaona maji yakirushwa juu ya mapaa kama mvua ya masika.

Jioni tulirudi Osaka tukatazama ngome ya mji huo. Hapo nilijaribu tena kununa. Ngome iliyoanzishwa na Toyotomi Hideyoshi mwaka wa 1583 iliteketezwa vitani mwaka wa 1615. Jumba kuu lililojengwa baadaye likapigwa na radi mwaka wa 1665. Na hili lililopo sasa ni la saruji, la mwaka wa 1931, lililojengwa kwa michango ya wakazi wa mji. Ndani lina lifti! Mpwa wangu alinitazama kwa pembe ya jicho, nami nikanyamaza.

Kulungu wenye adabu

Siku ya pili tulipanda treni kwenda Nara, mji uliokuwa makao makuu ya Japani tangu mwaka wa 710 hadi 784, kabla ya Kyoto. Kutoka Osaka ni mwendo usiofika saa moja. Kama una watoto, anzia hapa. Katika bustani ya Nara wanazurura kulungu zaidi ya elfu moja, ambao kwa itikadi ya wenyeji ni wajumbe wa miungu wa maabadi ya Kasuga. Hununuliwa biskuti maalumu za pumba za mchele, na mara nyingi kulungu huinamisha kichwa kwanza kama anayeamkia, ndipo apewe. Lakini usimcheleweshe. Mmoja alinivuta koti kwa meno mbele ya kundi zima la watoto wa shule, nao wakapiga makofi.

Hekalu kuu la Nara ni Todai-ji. Ndani yake ameketi Buddha wa shaba nyeusi, urefu wake yapata mita 15, aliyezinduliwa mwaka wa 752. Mbele yake sauti za watu hujishusha zenyewe. Katika nguzo mojawapo kuna tundu linalosemekana kuwa na ukubwa sawa na tundu la pua ya sanamu hiyo, na watoto hupita humo kwa kutambaa ili wapate baraka. Watu wazima wenye kitambi wasijaribu.

Hata hapa nilikuta hadithi ile ile. Jumba hilo liliungua vitani mwaka wa 1180, likajengwa. Likaungua tena mwaka wa 1567. Lililopo lilikamilika mwaka wa 1709, na kwa kuwa fedha hazikutosha, upana wake ulipunguzwa kwa theluthi nzima. Hata hivyo bado una mita 57! Buddha mwenyewe ana viungo vya zama mbalimbali: sehemu za kikalio chake ni za karne ya 8, kichwa ni cha karne ya 17.

"Sasa mjomba," mpwa wangu akasema, "huyu tumwite mzee au kijana?"

Sikuwa na jibu. Hapo ndipo nilipoanza kushuku kwamba swali langu la Kyoto lilikuwa bovu.

Nyumba ya miaka 20

Siku ya tatu ndiyo iliyonigeuza. Tulikwenda Ise, mji mdogo ulio mwendo wa saa mbili hivi kutoka Osaka. Huko kuna maabadi yanayoheshimiwa kuliko yote katika Shinto, dini ya asili ya Wajapani. Maabadi ya ndani ni ya Amaterasu, mungu wa jua.

Unavuka daraja la mbao liitwalo Uji, unapita katikati ya miti mikubwa ambayo watu watatu hawawezi kuikumbatia, unanawa mikono na kusukutua kinywa, kisha unapanda ngazi za mawe. Ukifika juu huoni kitu! Uzio juu ya uzio. Kinachoonekana ni ncha za paa la nyasi na mapambo ya dhahabu yanayometameta. Picha haziruhusiwi. Mtu aliyezoea kupima safari kwa wingi wa picha alizopiga atarudi mikono mitupu.

Lakini kando ya maabadi kuna kiwanja kitupu kilichotandazwa kokoto. Hicho ndicho cha kutazama. Kila baada ya miaka 20, maabadi hujengwa upya kwenye kiwanja cha pili, sawasawa na yale ya zamani, kisha ya zamani huvunjwa. Desturi hiyo ilianza mwaka wa 690. Vita vya wenyewe kwa wenyewe viliikatiza kwa zaidi ya miaka 120, lakini ilifufuliwa. Mara ya 62 ilikuwa mwaka wa 2013. Inayofuata ni mwaka wa 2033, na matambiko ya matayarisho yalianza mwaka wa 2025.

Mbao ni za hinoki, mti wa jamii moja na ile misaiprasi tunayoiona kule Limuru, na huhitajika miti yapata 10,000. Hata nguo, panga na vyombo vya ndani hutengenezwa upya kwa mikono. Mbao za zamani hazitupwi: hugawiwa maabadi mengine nchini, na nguzo kuu hugeuzwa malango mawili yanayosimama kwenye ncha za daraja la Uji. Mwaka wa 1923 uliwekwa mpango wa kupanda msitu wa maabadi wenyewe, na miti mingine humo itakatwa baada ya miaka 200. Aliyeipanda anajua fika kwamba hataiona ikikatwa, wala mwanawe, wala mjukuu wake.

Nikamwuliza mpwa wangu: kwa nini miaka 20? Si wangejenga kwa saruji mara moja wapumzike?

Akanieleza kama mwalimu. "Fundi akija akiwa na miaka 20, anabeba mbao na kutazama. Akirudi ana 40, yeye ndiye anayejenga. Akirudi ana 60, anasimama pembeni kuelekeza. Ukijenga kitu kitakachodumu miaka mia tatu, mjomba, siku kitakapoharibika ni nani atakayekumbuka kilivyojengwa?"

Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia. "Nilipoingia darasani mwaka wa kwanza, mwalimu alituonyesha jinsi mbao mbili zinavyoungwa bila msumari, ulimi ndani ya tundu. Wenzangu walistaajabu. Mimi nilijua. Babu alinionyesha nikiwa mdogo, alipokuwa akitengeneza ile meza ya jikoni."

Babu huyo ni baba yangu. Alikuwa seremala kwa miaka 40. Sisi watoto wake wanne hakuna aliyeshika randa; alitusomesha ili tusiishike. Sanduku lake la vifaa liko chini ya kitanda, na patasi zimeshika kutu. Nilisimama pale kwenye kokoto za Ise nikiona haya, kwa maana nilikuwa nimemdhihaki kwamba ni mzee kuliko hekalu, na wala sikuwahi kumwuliza ujuzi wake atamwachia nani.

Ngome nyeupe na kuba lililopasuka

Siku ya nne tulishika Shinkansen, treni ya kasi, ambayo Wajapani wameiendesha tangu mwaka wa 1964, tukielekea magharibi. Tulishuka kwanza Himeji, nusu saa hivi tu kutoka Osaka. Ukitoka stesheni, ngome unaiona mwisho wa barabara, nyeupe juu ya kilima. Ndiyo maana huitwa Ngome ya Yangeyange. Hii sasa ni ya kale kwelikweli. Jumba lake kuu la mbao ni la mwaka wa 1609. Mwaka wa 1945 mji uliozunguka ulichomwa kwa mabomu ya ndege. Bomu moja lilitua ghorofa ya juu kabisa ya ngome, lakini halikulipuka.

Ndani unavua viatu na kuvibeba mkononi, kisha unapanda ngazi zilizosimama kama za dari. Nguzo mbili kuu zinapanda kutoka chini hadi karibu na juu. Mlinzi alitueleza kwamba kati ya mwaka wa 1956 na 1964 jumba lote lilifunguliwa kipande kwa kipande na kuungwa tena, na nguzo ya magharibi, iliyokuwa imeoza, ikawekwa mpya. Kumbe hata mkongwe wa kweli ameazima mifupa. Wala sikununa tena. Nilimtafuta kwa macho fundi aliyeiunga nguzo ile.

Alasiri tulifika Hiroshima. Huko hapana mzaha. Kando ya mto limesimama jengo la matofali lililojengwa mwaka wa 1915 kwa mchoro wa Jan Letzel, msanifu kutoka nchi ya Wacheki. Lilikuwa ukumbi wa maonyesho ya biashara. Saa mbili na robo asubuhi, tarehe 6 Agosti 1945, bomu la atomiki lililipuka karibu juu yake. Inakadiriwa kwamba kufikia mwisho wa mwaka huo watu 140,000 walikuwa wamekufa. Kuta zilibaki, na juu yake vyuma vya kuba, kama mbavu.

Kwa miaka mingi wakazi walibishana. Wengine walitaka gofu hilo libomolewe, kwani kulipita kila siku ni kutoneshwa kidonda. Wengine wakasema likiondoka, dunia itasahau. Mwaka wa 1966 baraza la mji liliamua lihifadhiwe milele. Tangu hapo mafundi huliimarisha, si lipendeze, bali libaki lilivyokuwa dakika ile. Mwaka wa 1996 liliingizwa katika orodha ya Unesco ya urithi wa dunia.

Tazama basi, msomaji. Taifa lile lile lililojenga upya hekalu lililoungua ndilo lililokataa kujenga upya jengo hili. Ise hubomolewa ili idumu. Hiroshima limeachwa gofu ili lidumu. Katika yote mawili watu waliketi, wakajadiliana na kuamua nini kikumbukwe na kwa njia gani. Kinachopotea ni kile ambacho hakuna aliyekaa kitako kukijadili.

Katika bustani iliyo karibu kuna mnara wa watoto wa mwaka wa 1958. Unamkumbuka Sadako Sasaki, aliyekuwa na miaka miwili bomu lilipoanguka, na akafa kwa saratani ya damu mwaka wa 1955, akiwa na miaka 12. Hospitalini alikunja korongo wa karatasi akitumaini kupona. Hadi sasa watoto wa nchi nyingi hupeleka korongo wao pale. Mpwa wangu alitoa mmoja mkobani, wa karatasi ya daftari, akamweka. Hatukuzungumza mpaka tulipofika stesheni.

Kwa anayetaka kwenda

Kabla sijamaliza, haya machache yatamfaa mwenye nia.

Mosi, sisi Wakenya huhitaji viza. Anzia ubalozini mwao Nairobi mapema, kabla ya kununua tikiti ya ndege.

Pili, usijaribu kumaliza mahekalu. Kyoto peke yake ina zaidi ya elfu moja. Chagua mawili kwa siku, uyatazame.

Tatu, mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili maua ya micheri huchanua, na Novemba majani huwa mekundu. Ni misimu mizuri, lakini msongamano na bei za malazi hupanda pamoja.

Nne, vaa soksi zisizo na matundu, kwa maana viatu utavivua mara nyingi. Beba pesa taslimu kidogo kwa ajili ya vijiduka na sadaka. Taka zako rudi nazo, mapipa ni adimu.

Tano, kwenye maabadi ya Shinto watu huinama mara mbili, hupiga makofi mawili, kisha huinama mara moja. Kwenye hekalu la Buddha hawapigi makofi. Hukunja viganja kimya.

Sita, katika mtaa wa Gion huko Kyoto, usiwakimbilie wale wanawake wa sanaa waliovaa kimono ukiwapiga picha. Vichochoro vya watu binafsi huko vilifungiwa watalii mwaka wa 2024 kwa sababu ya utovu huo wa adabu.

Usiku ule, tukiwa ndani ya treni ya kurudi Osaka, mpwa wangu aliniuliza, "Haya mjomba, siku nne zimekwisha. Uliibiwa?"

Nikamwambia deni nalo mimi, si Wajapani.

Niliporudi nchini, Jumamosi ya kwanza nilikwenda nyumbani. Nililivuta lile sanduku kutoka chini ya kitanda. Baba alinitazama bila kusema neno. Nikamwambia mjukuu wake atakuja likizo ya Agosti, na anataka aonyeshwe tena ulimi na tundu, safari hii akiwa na kalamu na daftari.

"Na wewe?" akauliza mzee.

Nikamwambia mimi nitabeba mbao na kutazama.

Akaichukua patasi moja, akaipitisha kidole kwenye makali, akatikisa kichwa. Kisha akaniagiza nilete jiwe la kunolea.